Tusimame Dakika Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimepanda cheo. Ofisini bado hawajui.

Ilivyokuwa ni hivi. Asubuhi Bi Phylis, mwenye kampuni, alisema anatafuta Mkuu wa Miradi kutoka humu humu ndani. Humu ndani tuko wanne tu. Yeye mwenyewe. Mzee Mbuvi wa hesabu, ambaye pia ni shemasi. Nzilani, anayeandika programu za simu tunazouza. Na mimi, Elphas, ninayepokea simu za wateja na kuwatuliza. Tuko vyumba viwili, orofa ya kwanza, juu ya mafundi wanaochomelea mageti hapa Kitengela. Kelele tumezizoea.

Atamteua mtu baada ya safari ya Kimana. Huko wakulima wa vitunguu wametuagiza apu ya zamu za maji, kwa sababu kila msimu wanagombana kuhusu nani afungue mfereji lini. Wakiridhika na tulichofanya, kazi itaendelea. Wasiporidhika, alisema Bi Phylis, kila mtu ajitafutie pengine pa kukaa.

Mzee Mbuvi hataki cheo. Tumebaki mimi na Nzilani. Nzilani huongea na kompyuta, tena kwa ukali. Mimi huongea na watu. Sioni ugumu uko wapi.

Jioni nilitaka kumwambia mke wangu Apondi kwamba huenda nikafikiriwa. Alikuwa anakwaruza magamba ya samaki. Aliinua macho, akaniuliza kazi ilikuwaje, na mdomo ukaniponyoka. Nilisema nimefanywa Mkuu wa Miradi.

Aliangusha kisu! Aliimba! Kabla ugali haujapoa alikuwa ameshampigia dada yake wa Nkoroi na mwenyekiti wa akina mama kanisani. Tutatoa shukrani mbele ya kanisa zima, Jumapili ya tarehe 16. Jumapili hii imeshachukuliwa na familia iliyonunua pikapu.

Basi nina mpaka tarehe 16. Inatosha kabisa.

Jumanne, 4 Februari

Nimegundua ajaili.

Ni mbinu ya kuendesha miradi, imeelezwa vizuri kwenye simu yangu. Kazi kubwa inakatwa vipande vidogo. Kila wiki moja au mbili mnamwonyesha mteja kipande kimoja kinachofanya kazi, anasema alichopenda na alichokichukia, mnarekebisha, mnaendelea na kingine. Hayo niliyapita haraka haraka. Kilichonigusa ni kwamba lazima kuwe na mtu wa kuongoza mikutano, na mtu huyo hahitaji kuandika programu hata mstari mmoja. Nilijiona pale waziwazi.

Mkutano wenyewe ni wa kusimama. Kila asubuhi, dakika kumi na tano. Kila mmoja anasema alifanya nini jana, atafanya nini leo, na nini kinamzuia. Watu husimama ili wachoke miguu na kufupisha maneno. Akili nyingi sana!

Nilimpelekea Bi Phylis. Alisema nijaribu. Alisema pia anapenda mtu anayekuja na wazo. Nilishuka ngazi nikipiga mluzi hadi fundi mmoja wa mageti akaniuliza kama nimepata mtoto.

Jumatano, 5 Februari

Mkutano wa kwanza wa kusimama.

Saa tatu nilisema, jamani, tusimameni. Walisimama vizuri, hata Nzilani, ingawa alikuwa na kikombe mkononi. Nilifungua mdomo kueleza utaratibu. Mzee Mbuvi alikuwa ameshafumba macho.

Aliombea nchi. Aliombea mvua. Aliombea wagonjwa kwa majina, watoto walio shule za bweni, vitunguu vya Kimana, na gari la Bi Phylis ambalo lina shida ya breki. Sikuweza kumkatiza. Ni nani anamkatiza mtu akiongea na Mungu? Aliposema amina dakika zangu zilikuwa zimekwisha, na Nzilani akaketi.

Nilisema hatujaanza. Mzee Mbuvi alishangaa kwa dhati. Aliniuliza, "Kwani tulikuwa tumesimama ya nini?"

Alhamisi, 6 Februari

Nilimwomba Mzee Mbuvi kando, kwa heshima, aombe mapema tukiwa tumekaa. Alikataa kwa upole. Alisema yeye tangu utoto watu wakisimama pamoja ni maombi, na akiona wamesimama halafu akanyamaza atajisikia vibaya siku nzima. Tumekubaliana aombe kwa ufupi. Ufupi wake ni kuacha tu breki za Bi Phylis.

Lakini leo angalau taarifa zilitolewa. Ya Nzilani niliiandika ilivyo: "Jana niliongea na Mama Kalunde wa Kimana. Leo naongea na yeye tena. Kitu inanizuia ni hii kikao."

Mzee Mbuvi alicheka. Shemasi mzima.

Huyu Mama Kalunde ni mkulima wa kawaida, ana shamba kando ya mfereji wa juu. Nzilani humpigia kila mara, na wakati wa kazi! Wanaongea kuhusu maji, kuhusu simu ipi inashika chaji, kuhusu mume wa mtu. Mimi ndiye wa kupokea simu za wateja. Simu zinapaswa kuingia, si kutoka. Nimelihifadhi hilo moyoni.

Mchana nilitengeneza ubao. Ajaili inataka ubao. Nimegawa ukuta mara tatu: Ya Kufanya, Inafanywa, Imekwisha. Kila kazi inaandikwa kwenye kikaratasi cha kunata na kusogezwa kadiri inavyoendelea, ili mtu yeyote akiingia aone nani anafanya kazi na nani anakaa tu.

Hapo ndipo nilipopata wazo.

Ijumaa, 7 Februari

Wazo linafanya kazi vizuri ajabu.

Nzilani ana kikaratasi kimoja. Kimeandikwa "Ujumbe wa zamu" na kiko Inafanywa tangu jana, hakitikisiki. Mimi kazi yangu ilikuwa moja pia, kuandaa maonyesho ya Kimana. Lakini ajaili si inasema tukate vipande vidogo? Nimekata. Kuwasha kompyuta, kikaratasi. Kuchagua rangi ya maonyesho, kikaratasi. Kubadilisha rangi, kikaratasi. Kuwaza kichwa cha habari, kikaratasi. Kunywa chai na Mzee Mbuvi ili kupata maoni yake, kikaratasi. Kufikia adhuhuri sehemu ya Imekwisha ilikuwa ya manjano tupu, na yote ni maandishi yangu.

Bi Phylis alipita. Alisimama mbele ya ubao kwa muda. Alibandua kimoja, akakisoma. Nilichungulia: ni kile cha Kuwasha kompyuta. Alikirudisha pale pale, akakibonyeza kwa kidole ili kisianguke, akaingia ofisini kwake.

Nadhani aliguswa.

Nyumbani Apondi ameshashonesha nguo ya kitenge kwa ajili ya Jumapili ile. Anafanya mazoezi ya hotuba jikoni. Nimemsikia kupitia mlango: "Bwana yangu, Mkuu wa Miradi." Anasimama kidogo kabla ya kusema cheo, halafu anakisema polepole. Sheryl wetu, ambaye yuko darasa la pili, ameshaanza kunipigia saluti.

Naogopa kidogo. Nimeandika tu ili iwe imeandikwa.

Jumatatu, 10 Februari

Siku mbaya.

Ajaili ina mchezo wa kukisia ukubwa wa kazi. Kila mtu anashika karata, anachagua moja yenye namba, wote wanafunua kwa pamoja. Namba zikitofautiana mnazungumza mpaka mkubaliane. Ni kazi halali, imeandikwa. Zipo karata zake maalumu, lakini Kitengela sikuziona. Nilinunua za kawaida kwenye duka la simu.

Nilizigawa baada ya maombi. Nilifanya makosa ya kuzichanganya kwanza kwa ufundi. Mzee Mbuvi alirudisha mikono nyuma. Alisema hajawahi kuzigusa tangu aokoke na hataanzia ofisini. Nilimweleza ni za kukisia kazi. Aliniuliza, kwani hata wale wacheza kamari wa mtaani si hukisia? Nzilani alikuwa ameshapanga zake vizuri mkononi na akaniuliza tunacheza nini hasa, kwa sababu yeye anajua nyingi.

Bi Phylis aliingia wakati huo. Mtu akiingia ghafla na kukuta karata mezani asubuhi ya Jumatatu, kuna maelezo, lakini hayatoki haraka.

Mzee Mbuvi alipendekeza tutumie maharagwe. Nzilani alitoa kutoka kwenye mkebe wake wa chakula cha mchana, yalikuwa yameshapikwa. Tulikisia kwa maharagwe. Kazi yote iliyobaki ya Nzilani ilipata punje moja. Maonyesho yangu, kwa kura yangu mwenyewe, yalijaza kiganja.

Jumanne, 11 Februari

Katika maombi ya leo tuliombewa tuepushwe na roho ya kamari. Mzee Mbuvi hakutaja jina. Alifumbua jicho moja tu.

Nikajikaza kisabuni. Nilitangaza kanuni mpya: hadi twende Kimana hakuna kupiga simu nje. Timu haipaswi kusumbuliwa wakati wa mbio fupi, ndivyo tunavyoita kipindi cha kazi. Nilisema ni kwa faida ya wote. Nilimtazama Nzilani.

Nzilani aliniuliza sasa atajuaje wakulima wanataka nini. Nilimwambia watatuambia tukifika, baada ya kuona maonyesho. Akaniuliza, "Na kama hawataki hiyo ya maonyesho?" Nilimwambia maonyesho ni mazuri sana.

Na kweli ni mazuri. Nimeandaa ramani inayozunguka. Hali ya hewa. Bei ya vitunguu hadi Loitokitok. Mahali pa wakulima kutumiana picha. Mlima Kilimanjaro unatokea polepole nyuma ya jina la kampuni. Hakuna hata kimoja kilichokwisha kutengenezwa, lakini picha zake zipo.

Nzilani alienda kupiga simu chini kwa mafundi wa mageti. Nilimwona dirishani, ameziba sikio moja. Niliripoti kwa Bi Phylis. Bi Phylis aliniuliza kama Mama Kalunde alisema lolote jipya. Nilisema sijui, mimi nafuata kanuni.

Jumatano, 12 Februari

Apondi amempigia Bi Phylis!

Alipata namba kwenye simu yangu nikiwa bafuni. Amemwalika kwenye shukrani, yeye na ofisi nzima, kwa sababu haiwezekani tushukuru kwa ajili ya kazi na mkubwa wa kazi hayupo. Bi Phylis alikubali. Apondi anasema alikuwa mpole sana, ila alinyamaza kidogo aliposikia sababu ya shukrani, labda mtandao.

Sabuni ilikuwa bado usoni. Nilikaa kwenye ukingo wa ndoo.

Nimehesabu hali yangu. Kesho ni Kimana. Nikishinda Kimana, Ijumaa nitateuliwa, na Jumapili kila kitu kitakuwa kweli. Nitakuwa nimesema ukweli mapema tu. Nisiposhinda, mke wangu atasimama mbele ya kanisa amevaa kitenge kipya na kutangaza uongo wangu, huku mkubwa wangu wa kazi akiwa ameketi mstari wa mbele.

Nimepiga pasi shati mara mbili.

Alhamisi, 13 Februari

Nimerudi. Nanuka vitunguu. Nitaandika mambo yalivyokwenda, bila kuongeza chumvi.

Tuliondoka wote wanne alfajiri kwa gari la Bi Phylis, tukapitia Emali. Mzee Mbuvi alikuja kwa sababu ya breki. Kimana walitupokea kwenye ghala la ushirika, mabenchi yamejaa, magunia ya vitunguu ukutani. Niliwasalimia kwa Kimaasai, "Supa!", wakaitikia wote kwa furaha. Mwenyekiti wao ni Mzee Katoo, mrefu, ana kofia ya mjini na rungu dogo jeusi. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi. Tulijitambulisha. Bi Phylis alisalimu. Kisha Mzee Katoo alinikabidhi rungu lake, maana kwao anayesema hulishika, akanikaribisha niseme.

Projekta ilikuwa tayari. Nilipaswa kuonyesha Kilimanjaro tu. Lakini niliona nianze na kitu cha kuwashangaza, waone hii kampuni inafanya kazi kisasa, na Bi Phylis aone nani anaongoza. Nilinyanyua rungu. Nilisema, wazee wetu na akina mama, kwa dakika kumi na tano tu, tusimameni.

Walitazamana. Mzee Katoo alinitazama mimi, kisha akamtazama Bi Phylis, kisha akasimama. Wote wakasimama. Mzee Katoo akavua kofia na kumwomba mama mmoja atufungie mkutano kwa maombi. Yule mama aliomba kwa ufupi na vizuri. Walisema neema. Walitushika mikono mmoja mmoja, wakatushukuru kwa kufika, wakatoka nje kwenda kula nyama.

Nilibaki na rungu mbele ya mabenchi matupu. Mlima ulikuwa ndio kwanza unatokea ukutani. Mzee Mbuvi alikuwa wa mwisho kutoka. Alisema, "Amina."

Nilimkimbilia Mzee Katoo. Nilimweleza kwamba mkutano haujaisha, ndio ulikuwa unaanza. Alinihurumia. Aliniambia hapa kwao anayesema husimama peke yake, wengine hukaa wakasikiliza. Wakisimama wote, mkutano umekwisha. Alidhani wageni wana haraka ya barabara. Nilimsihi awarudishe ndani. Alisema, "Mkutano ikishafungwa na maombi haifunguliwi tena, kijana. Kuja ukule."

Nina miaka arobaini na moja. Sikumsahihisha.

Nje, Nzilani alikuwa ameketi kwenye kreti lililopinduliwa katikati ya akina mama, mfupa mkono mmoja, simu mkono mwingine. Hajali. Alibonyeza kitu, na mara simu zikaanza kulia kila upande. Simu za kawaida, za vitufe, kwenye mashuka waliyojitanda na kwenye mifuko ya aproni. Mama Kalunde, ambaye kumbe ni mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alisoma kwa sauti: kesho asubuhi ni zamu yake ya maji, mfereji wa juu.

Mwanaume mmoja aliinuka na kusema hiyo ni zamu yake. Kelele! Mzee Katoo aliweka sahani chini, akaulizia nyuma hadi ikajulikana: walibadilishana zamu mwaka jana kwa sababu ya matanga, na hawakurudishiana kamwe. Miezi yote hiyo wamechukiana bila kujua kwa nini. Walishikana mikono, mikono ikiwa na mafuta.

Halafu Nzilani aliposema ujumbe utakuwa unafika asubuhi ya zamu, Mama Kalunde akaanza kulalamika. "Sasa ukinitumia asubuhi nitasoma saa ngapi? Asubuhi niko shamba, simu iko kwa jirani inachajiwa. Nitumie jioni." Niliingilia kati kumwambia kwamba maoni yatapokelewa kwa utaratibu. Nzilani alikuwa ameshajipangusa mikono na kufungua kompyuta juu ya gunia. Alibadilisha pale pale. Mzee mwingine alitaka uwe kwa Kimaasai, kwa ajili ya mama yake. Nzilani alisema hiyo ni ya wiki ijayo. Watu walipiga makofi!

Nilitazama ule ujumbe. Hauna ramani. Hauna rangi. Hauna hata jina la kampuni. Ni maneno matupu.

Mzee Katoo alimwambia Bi Phylis kazi iendelee. Niliuliza kama hilo litaingia kwenye kumbukumbu, kwa kuwa mkutano ulikuwa umefungwa. Alinipa mbavu za nyama nile.

Tulirudi kwa njia ile ile. Kila mmoja wetu alipewa vitunguu, na madirisha yalikuwa wazi. Nilipofika nyumbani niligundua bado nimeshika rungu la Mzee Katoo. Apondi aliniuliza ni la nini. Nilimwambia ni la cheo. Ameliweka kwenye kabati, karibu na televisheni.

Ijumaa, 14 Februari

Kikao cha kujitazama. Ndivyo mbio fupi zinavyomalizika katika ajaili: kila mtu anasema nini kilienda vizuri, nini kilienda vibaya, nini tubadilishe. Niliandaa mambo yangu mapema. Yote yalihusu simu za Nzilani.

Mzee Mbuvi alianza. Alimshukuru Mungu kwa ulinzi wa safari, kwa breki, kwa nyama. Nilimuuliza kibaya. Alisema yeye hana baya la kusema juu ya mtu. Nzilani alisema kilichoenda vizuri ni maombi ya asubuhi, kwa sababu ni wakati pekee mimi ninaponyamaza. Nilimuuliza tubadilishe nini. Alisema maombi yarefushwe.

Bi Phylis alisikiliza wote. Kisha akasema Mkuu wa Miradi ni Nzilani.

Alisema kwa utulivu, na alinitazama mimi alipokuwa anasema. Alisema wateja wetu wameeleweka kwa sababu kuna mtu aliwapigia na kuwauliza, akawapa kidogo, akawauliza tena. Alisema hiyo ndiyo ajaili niliyoleta mwenyewe, ila niliiruka. Kuanzia Jumatatu niketi karibu na Nzilani, nijifunze jinsi anavyoongea na wakulima.

Nilielewa haraka. Anataka Nzilani awe na mshauri.

Lakini sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilizunguka soko mara mbili. Nilinunua nyanya za Kimana ambazo hatukuzihitaji. Nilikuwa na maneno tayari ya kumwambia Apondi. Nilifungua mlango, naye alikuwa amesimama juu ya kiti, Sheryl amemshikia pindo, wanapima urefu wa kitenge. Aliniuliza kama kimekaa. Nilisema kimekaa.

Jumamosi, 15 Februari

Sijamwambia.

Mchana Bi Phylis alimpigia Apondi. Waliongea muda mrefu sana, Apondi akiwa nje karibu na kamba ya nguo. Sikusikia la maana, ingawa nilifungua dirisha. Alisema "eeh" mara nyingi. Mara moja aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akarudi ndani. Alikaa kidogo jikoni bila kuwasha jiko.

Usiku aliniwekea kichwa cha samaki, ambacho huwa ni cha wageni. Aliniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Nilisema samaki ni mtamu.

Leo hafanyi mazoezi ya hotuba. Nadhani ameshaikariri.

Jumapili, 16 Februari

Imepita!

Kanisa lilijaa. Dada yake wa Nkoroi alikuja na watu wa kwaya. Bi Phylis aliketi mstari wa mbele, Mzee Mbuvi kando yake, Nzilani amevaa gauni la maua, sikumtambua mara moja. Tuliitwa mbele. Nilishika mkono wa Sheryl, na mkono wangu ulikuwa umelowa jasho hadi Sheryl akaufuta kwa nguo yake.

Apondi alichukua maikrofoni. Alisimama kidogo pale anaposimama kabla ya kusema cheo. Nilifumba macho.

Alisema, "Nashukuru Mungu kwa Baba Sheryl. Ako na kazi. Kila jioni anarudi nyumbani. Na hata siku ikimwendea vibaya, kesho yake anaamka anajaribu tena. Hiyo ndiyo nimekuja kushukuru." Kisha akawaomba wanaomshukuru Mungu pamoja naye wasimame.

Walisimama wote. Bi Phylis alisimama wa kwanza. Nzilani alisimama, na nadhani alikuwa analia, au ni vumbi. Na kwa kuwa watu walikuwa wamesimama, Mzee Mbuvi aliomba.

Cheo kimesahaulika! Wiki mbili za mazoezi, na mbele ya watu amelisahau neno lenyewe. Ni woga wa maikrofoni, huwapata wengi. Sikumlaumu. Tulipokuwa tunarudi kuketi nilimnong'oneza kwamba nimemsamehe. Alinitazama muda mrefu, akanibana mkono kwa nguvu kiasi.

Chakula kilikuwa kizuri. Nzilani alipoondoka, Apondi alimpa rungu la Mzee Katoo, limefungwa vizuri ndani ya gazeti, alirudishe Kimana. Sijui alijuaje ni la nani. Kabati linaonekana tupu.

Nimetafakari makosa ya wiki hii kwa uaminifu, kama ajaili inavyotaka. Kosa lilikuwa kusimama. Ndilo lililowapa watu nafasi ya kuomba. Kesho nitaanzisha mkutano wa kutembea, kutoka ofisini hadi steji ya matatu na kurudi. Mzee Mbuvi hawezi kufumba macho akiwa kando ya barabara ya Namanga.

Jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa, nilimdokezea Apondi kwamba Bi Phylis ananiandaa taratibu kwa ukurugenzi. Alikuwa anakunja kitenge. Aliendelea kukunja mpaka mwisho, akakiweka juu ya kitanda, akanilainisha kola. Akaniuliza kama aanze kuomba Jumapili nyingine mapema, kabla hazijachukuliwa.

Nimemwambia aanze.